Meli ikitia nanga Punta Arenas: namna ya kuitumia siku yako

Ukifanya kazi kwenye meli za kitalii, ama ukiwa umelipia mwenyewe ile safari ya kuzunguka ncha ya Amerika Kusini kutoka upande wa Valparaíso kuja Buenos Aires au kinyume chake, kuna asubuhi moja utaamka uone mji wa mapaa ya mabati ya rangi rangi, nyekundu, bluu, kijani, umekaa kando ya maji ya kijivu yenye povu jeupe, na bendera pale gatini imenyooka kama ubao. Hiyo ndo Punta Arenas, Chile, kwenye Mlangobahari wa Magellan, digrii 53 kusini ya ikweta. Sisi Mombasa tuko digrii 4 tu, sa piga hesabu mwenyewe umeshuka kiasi gani. Nimeshuka pale misimu mitatu nikiwa kruu, yaani mfanyakazi wa meli, na kila safari kuna Mkenya ama Mtanzania mgeni melini anauliza tunaenda wapi, tunafanya nini, na masaa yenyewe ni machache, kwa hivyo nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, ya mgeni aliyelipa na ya kruu anayeshuka masaa matatu kati ya zamu mbili.

La kwanza kabisa ni upepo, na naomba ulichukulie kwa uzito. Sisi wa pwani tumezoea kusi na kaskazi, upepo una majira yake, unajua ukija utakaa mpaka lini, mzee wa jahazi anaupangia safari. Ule wa pale unatoka magharibi, umesafiri juu ya bahari tupu maelfu ya kilomita bila nchi ya kuuzuia, na unakuwa mkali zaidi kuanzia Oktoba mpaka Februari, yaani wakati uleule meli za kitalii zinapokuja. Siku nyingine unapita kilomita 100 kwa saa mpaka wanafunga kamba katikati ya mji watu wazishike wasiangushwe wakivuka barabara. Ukitoka nje ya mji utaona miti imeota ikiwa imelala upande mmoja tu, wote kichwa mashariki, imekua hivyo tangu michanga.

Kwa siku yako hii ina maana gani? Ina maana kwamba kushuka kwenyewe si jambo la hakika. Wenye bandari wakiona upepo umezidi wanaifunga, na neno utakalosikia ni puerto cerrado, likitangazwa hilo hakuna boti inatoka wala kuingia mpaka watakapofungua. Nishaona wageni wamesimama kwenye foleni na makoti yao saa nzima halafu kapteni anatangaza kwamba tunaondoka, hakuna kushuka tena, na watu wengine walilia kabisa kwa sababu walikuwa wameingoja siku hiyo mwaka mzima. Kwa hivyo kama meli imetia nanga nje na mnashushwa kwa boti ndogo, usilale, shuka na boti za mwanzo mwanzo, asubuhi mara nyingi upepo bado haujapanda kama mchana. Na hapohapo jua kwamba unaweza kupanda mchana ukiwa wewe uko mjini, kwa hivyo usijipange kurudi na boti ya mwisho. Mi huwa natoa saa nzima na nusu ya akiba, na kama ni siku ya boti natoa mbili.

Jioni ya kabla uliza mapokezi ya meli tunafunga gati gani. Likiwa gati la Arturo Prat umebahatika, uko mjini tayari, unatembea dakika tano ama saba uko kwenye uwanja mkuu, na boti za meli zilizotia nanga nazo hushushia hapohapo. Likiwa Mardones, hilo liko kilomita tano hivi kaskazini, huwezi kusema utembee na upepo ule, subiri basi la meli ama chukua teksi. Kuna pia magari yanaitwa colectivo, ni teksi za kuchangia, zina namba juu na njia moja zinayofuata, nauli ni ileile kwa kila mtu, yani ukiwa umezoea matatu na daladala utaelewa kwa dakika moja. Mwambie tu dereva "centro" kama unaenda mjini, na wakati wa kurudi mtajie jina la gati lako, usiseme "puerto" peke yake manake kuna gati zaidi ya moja na utapelekwa kusikokuwa na meli yako.

Nguo. Hapa ndo watu wetu wanakosea sana, wanaangalia simu inasema digrii 12 wanasema ah, kama Limuru tu ama Lushoto asubuhi. Si hivyo. Digrii 12 na upepo ule ni kitu kingine kabisa. Vaa nguo nyingi nyepesi moja juu ya nyingine, ya juu kabisa iwe koti lisilopitisha upepo wala mvua, lenye kofia ya kufunga, na ndani yake kofia ya sufi ya kufunika masikio. Mwavuli uache melini, huwezi kuufungua ukabaki na mwavuli. Dada zetu wa hijabu, pini za kawaida hazitoshi, vaa ile ya kuvuta kichwani isiyo na ncha zinazopepea, halafu kofia ya koti juu, na buibui pana litakusumbua sana pale gatini, suruali pana ya joto na koti refu ndo mambo. Glavu hata kama ni Januari. Na mafuta ya jua, najua utashangaa, lakini mji huu uko karibu na lile tundu la tabaka la ozoni juu ya Antaktika, hasa Septemba mpaka Novemba mionzi inapita kwa wingi na wenyeji wenyewe hutangaziwa kiwango cha hatari ya siku, kwa hivyo paka usoni na uvae miwani hata kama unatetemeka.

Kabla ya kushuka toa matunda mfukoni. Narudia tena, toa. Chile wana idara inaitwa SAG inayolinda mifugo na mimea yao na hawana mchezo, tufaha moja ulilochukua kwenye bafe asubuhi, kipande cha nyama, asali, mbegu, karanga mbichi, yote ni shida, na faini yake itakuharibia mwezi. Kama una kitu umekisahau mkobani kitaje kabla hawajakiona, ukitaja mwenyewe wanakichukua tu basi. Kuhusu viza, meli kusimama pale hakukupi ruhusa ya moja kwa moja, mgeni mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda aulizie ubalozi wa Chile na kampuni ya meli miezi kabla ya kulipa, maana unaweza kuwekwa melini siku nzima unaangalia mji dirishani, ama ukakataliwa kupanda meli tangu mwanzo. Kruu mambo yetu yanapitia kwenye kitabu cha baharia na orodha ya meli, wewe hakikisha tu kadi yako iko sawa na hauko kwenye zamu ya kubaki melini.

Pesa ni peso ya Chile. Angalia vizuri, alama wanayotumia ni ileile ya dola, na nukta wanaiweka kwenye maelfu, kwa hivyo ukiona $5.000 kwenye kibao cha mkahawa hiyo ni peso elfu tano, siyo dola tano wala dola elfu tano. Dola moja miaka hii ya karibuni imekuwa ikizungukia peso 900 hivi, kwa hivyo hiyo ni kama dola tano na nusu. Kadi inakubalika karibu kila mahali, pesa taslimu kidogo ni za colectivo na vibanda. Mkahawani watakuongezea asilimia kumi ya bahshishi kwenye bili na kukuuliza kama unakubali, ukisema sí imetoka, usiache nyingine mezani bila kujua.

Saa: mkoa huu wa Magallanes haubadilishi saa mwaka mzima, uko nyuma ya Nairobi na Dar kwa masaa sita. Saa sita mchana ya pale, huku nyumbani ni saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo kama unataka kupiga simu nyumbani watoto wakiwa bado macho piga ukishuka tu, usingoje mpaka umalize kutembea. Lakini muda wa kurudi unafuata saa ya meli, siyo ya simu, weka saa ya mkono ya kawaida usiiguse. Na kuna ile yetu ya kuhesabu saa, mwenzangu mmoja aliandikiwa kurudi 16:30 akamwambia mwenzake kwa Kiswahili "saa kumi na nusu", yule mwingine kichwa chake kilikuwa kimeshahamia kizungu akasikia saa nne na nusu usiku, alikuja kukimbizwa na mlinzi wa gati ngazi ikiwa karibu kuinuliwa. Andikeni namba, msiambiane kwa mdomo.

Sasa, uende wapi? Kuna uamuzi mmoja tu mkubwa, pengwini ama mji, na kwa siku ya meli huwezi vyote viwili ukavifaidi. Pengwini wako Isla Magdalena, kisiwa kidogo kilomita kama 35 kaskazini mashariki katikati ya mlangobahari, pana mnara wa taa mwekundu na mweupe, na maelfu kwa maelfu ya pengwini wa Magellan wanaokuja kutaga na kulea kati ya Oktoba na Machi. Wanachimba mashimo ardhini, na dume na jike wanapokezana kukaa na mayai mwingine akienda baharini. Njia ya kutembea imewekewa kamba, hutoki nje ya njia, na pengwini akivuka mbele yako unasimama, yeye ndo mwenye haki ya njia. Feri kubwa inachukua masaa mawili kwenda, saa moja kisiwani, mawili kurudi, boti za kasi ni chini ya hapo na nyingine zinapitia Isla Marta kuwaona simba wa baharini. Ni kitu kizuri mno, ile sauti yao kama punda analia ikitoka mashimoni kila upande hutaisahau.

Ila hapa ndo sehemu ya kufanya uamuzi kwa akili. Ukienda na safari iliyouzwa na meli yenyewe na mkachelewa, meli inawangoja. Ukienda kwa mpango wako mwenyewe mkachelewa, haingoji, na bandari inayofuata ni Ushuaia ama Stanley ama siku mbili za bahari. Mi mwenyewe msimu wa kwanza nililipa boti ya watu binafsi mtandaoni, wakaniambia itatoka saa mbili asubuhi, ikapigwa upepo ikasogezwa saa tano, halafu ikafutwa kabisa, na pesa sikurudishiwa kwa sababu sikusoma masharti yao ya hali ya hewa, na nikawa nimeipoteza siku nzima nimekaa kwenye benchi la kituo cha boti. Kwa hivyo pengwini nasema hivi: kama meli inakaa masaa tisa ama kumi na uwezo upo, nenda na safari ya meli. Kama ni masaa sita ama saba, baki mjini, na usijisikie umekosa. Na yeyote atakayekuambia muende Torres del Paine mrudi siku hiyohiyo mkatalie, Puerto Natales peke yake ni karibu kilomita 250 na mbuga iko mbele zaidi, hiyo ni siku ya kukaa ndani ya gari ukiangalia saa.

Mimi ni wa mji. Ningeweza kukupa sababu nyingi lakini nikuambie ile iliyonishika.

Ukifika Plaza Muñoz Gamero, uwanja mkuu wenye miti mirefu, katikati kuna sanamu kubwa ya shaba. Juu amesimama Magellan, yule Mreno aliyekuwa anasafiri kwa bendera ya Uhispania, aliyeingia mlangobahari huu tarehe 21 Oktoba 1520 na kutokea upande wa pili kwenye Pasifiki tarehe 28 Novemba. Sanamu iliwekwa 1920 kwa kuadhimisha miaka 400. Wageni wote wanapiga picha, mwongozaji anaeleza, wanaenda. Lakini sisi tuna habari nyingine na huyu mtu. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1505, alikuwa kijana tu ndani ya msafara wa Francisco de Almeida uliotoka Lisbon kwenda India, na huo ndo msafara ulioivamia Kilwa mwezi wa Julai na kuichoma Mombasa mwezi wa Agosti. Mji wangu. Kwa hivyo unasimama pale mwisho wa dunia kwenye baridi, unamtazama juu, na unajua kwamba huyu alianza kwenye msafara uliochoma nyumba za watu wa kwenu kabla hajafika huku. Mara ya kwanza nilipolijua hilo nilikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Chini ya Magellan kuna watu wa asili wa huku wamekaa kwenye msingi, na mguu wa mmoja wao unang'aa dhahabu kwa kushikwa. Desturi ni kwamba ukiugusa kidole gumba ama ukikibusu utarudi tena Punta Arenas. Kruu wote wanagusa, mabaharia wamefanya hivyo miaka na miaka. Gusa ukitaka, mi nimegusa, lakini jua unamgusa nani. Ng'ambo ya maji yale unayoyaona ni Tierra del Fuego, nchi ya Waselk'nam, na upande huu walikuwa Waaonikenk, na kwenye visiwa vya magharibi Wakawésqar waliokuwa wakiishi kwenye mitumbwi. Kondoo waliletwa kutoka visiwa vya Falkland miaka ya 1870, wakafanya vizuri kuliko walivyotarajia, na matajiri wachache wakagawana nchi nzima kwa ranchi. Waselk'nam walipoonekana wanazuia kondoo waliwindwa, na wawindaji walilipwa kwa kila waliyemuua. Aliyeitoa zawadi hiyo sanamu, José Menéndez, ni mmoja wa hao wenye ranchi kubwa kabisa. Mwaka 2019 wakati wa maandamano ya Chile waandamanaji waliing'oa sanamu ya kichwa chake pale uwanjani wakaiweka miguuni pa yule mtu wa asili. Na 2023 sheria ya Chile iliwatambua Waselk'nam kama watu walio hai, baada ya vitabu vya shule kusema miaka mingi kwamba wameisha. Hayo mwongozaji wa basi mwenye dakika kumi hatakuambia.

Kuzunguka uwanja ni majumba ya hao matajiri, kama Ulaya kabisa, vifaa vyake vilikuja kwa meli. Nyumba ya Sara Braun iko pembeni ya uwanja. Nyingine, ya Braun-Menéndez, sasa ni makumbusho ya mkoa na kuingia ni bure, samani na picha zimebaki kama wenyewe walivyoziacha, nusu saa inatosha. Ukikumbuka kwamba kabla ya Mfereji wa Panama kufunguliwa 1914 meli nyingi kutoka Ulaya kwenda California na pwani ya Pasifiki zilipita hapa kujaza makaa, utaelewa pesa zilitoka wapi, na utaelewa pia kwa nini ziliacha kuja ghafla. Mtu wa Mombasa ama wa Lamu anaelewa haraka sana mji ambao meli zimebadilisha njia.

Kutoka hapo chukua mtaa wa Bories kwenda kaskazini, utaunganika na Avenida Bulnes, utembee kama robo saa ama dakika ishirini. Njiani kuna makumbusho ya Wasalesia, wamisionari wa Kikatoliki, yanaitwa Maggiorino Borgatello, yameanzishwa 1893, na nikiwa na nafasi ya sehemu moja tu ya kulipia ningelipia hapa. Mitumbwi, ngozi za guanako, mnyama wa huku wa jamii ya ngamia, mikuki, picha za watu wenyewe wakitazama kamera. Wasalesia walikuwa na misheni kisiwa cha Dawson ambako watu wa asili walipelekwa, wengi wao wakafa kwa magonjwa, kwa hivyo yaangalie yale maonyesho ukijua kwamba waliokusanya vitu ndo waliokuwa na watu. Angalia siku kabla, Jumatatu mara nyingi wanafunga.

Mbele kidogo ni makaburi ya manispaa, na najua kwetu kutembelea makaburi si matembezi, lakini haya nenda. Miti ya misaipresi imekatwa ikawa kama minara mirefu ya kijani, njia zimepita katikati, na majina kwenye mawe yanakueleza mji ulivyojengwa, Wakroatia wengi sana, Waingereza, Wajerumani, Wahispania, mabaharia waliozama. Gabriel Boric aliyekuwa rais wa Chile kuanzia 2022 ni mzaliwa wa mji huu na ukoo wake ni wa hao Wakroatia. Lango kubwa la mbele lilitolewa na Sara Braun, na wenyeji wanasimulia kwamba sharti lake lilikuwa baada ya yeye kupita amekufa lisifunguliwe tena, watu waingilie pembeni. Ndani kuna sanamu ya mtu wa asili asiyejulikana jina, wenyeji wanamwita Indiecito, amezungukwa na vibao vya shukrani, watu wanamwomba na wanashukuru. Ongea kwa sauti ya chini, ni makaburi yanayotumika bado.

Ukiwa na mguu mzuri rudi kwa kupanda Cerro de la Cruz, kilima kifupi tu nyuma ya uwanja, ngazi chache, na kutoka juu unayaona yale mapaa yote ya rangi, maji, na meli yako. Hapo ndo pa kupiga picha. Mpenda habari za meli achukue teksi aende makumbusho ya Nao Victoria kilomita kama saba kaskazini, wamejenga mifano ya ukubwa kamili ya Victoria, meli ya msafara wa Magellan, ya Beagle, meli iliyombeba Darwin, na ile boti ndogo James Caird ya Shackleton, mpelelezi wa Antaktika, na unaruhusiwa kupanda. Unapoingia kwenye ile Victoria ukaona sehemu ya kulala watu ilivyo, kruu mwenzangu hutalalamikia tena kitanda chako cha juu. Na kumbuka ni kutoka Punta Arenas kapteni Luis Pardo wa Chile alitoka na kimeli chake Yelcho akaenda kuwaokoa watu 22 wa Shackleton kisiwa cha Elephant tarehe 30 Agosti 1916, katikati ya baridi, akawarudisha hapa tarehe 3 Septemba. Meli tatu zilishajaribu kabla yake zikashindwa na barafu.

Kula. Kitu cha huku ni centolla, kaa mkubwa mwenye miguu ya miiba, nyama yake tamu kuliko kaa wetu wa mikoko lakini laini zaidi, waambie wasiweke jibini nyingi, omba ya kuchemshwa tu na limau. Chupe de centolla ni ile ya kuoka na mkate na maziwa, inashibisha sana kwenye baridi. Ya pili ni mwana-kondoo wa kuchomwa kwenye mti wima pembeni ya moto, cordero al palo, ukiipata. Kwa Waislamu, kondoo si wa kuchinjwa kwetu, uamuzi ni wako, samaki na kaa wapo. Kuna kibanda kidogo maarufu mtaa wa Roca, Kiosko Roca, watu wamesimama foleni mpaka nje, wanauza mkate na kitu cha soseji ya kupaka pamoja na maziwa ya ndizi. Ile soseji ni ya nguruwe, kwa hivyo anayejiepusha achukue maziwa ya ndizi peke yake, ni matamu, na bei ya mwananchi. Halafu jamu ya calafate, tunda dogo jeusi la porini lenye miiba, wanasema aliyekula calafate atarudi, chukua chupa ya dukani iliyofungwa vizuri lakini kwanza uliza melini kama inaruhusiwa kuingia.

Kwa kruu peke yetu: intaneti ya bure huwa ipo uwanjani lakini upepo utakufukuza, nunua kahawa ukae ndani uongee na nyumbani kwa utulivu. Sabuni, dawa ya meno, tambi za haraka, supamaketi iko Bories hapohapo katikati. Zona Franca ni eneo la maduka yenye nafuu ya ushuru, kilomita chache kaskazini, simu na viatu na makoti ya baridi yana bei nafuu kuliko kwingine Chile, ila siyo kila kitu, linganisha kabla ya kununua, na weka risiti. Jumapili mji unalala, usitegemee maduka madogo.

Swala. Wakati wa Desemba jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku, kwa hivyo Adhuhuri inaingia karibu saa saba na dakika arobaini na tano mchana, na Magharibi utakuwa umesharudi kazini. Kibla kutoka pale ni karibu mashariki kamili. Mji wote umeelekea mashariki kwenye maji, kwa hivyo ukishuka barabara ya ufukweni, Costanera, ukasimama unatazama mlangobahari, umeshaelekea. Nilitandaza koti langu nyuma ya ukuta mdogo unaokinga upepo, karibu na gati bovu la zamani ambalo limebaki nguzo tu na juu yake wamejaa ndege weusi na weupe, mnandi wa kule, mamia, kila mmoja na sehemu yake, na hakuna mtu aliyenisumbua.

Ukimaliza hapo tembea kando ya maji kuelekea gatini, upepo uwe mgongoni ama ubavuni, usiushindanie kifuani. Kadi ya meli itoe ukiwa bado uko mbali kidogo, usiitoe pale kwenye kona ya gati, hapo ndo upepo unapopiga zaidi na nimeona kadi mbili zikiruka kwenye maji. Mkoba kwenye mashine, kitambulisho mkononi, ukipanda ngazi shika kamba kwa mikono miwili.